Hatua Kumi na Nne Hadi Bwawani

Jumatatu, 2 Septemba

Dada wa mazoezi ya viungo, anayekuja kumnyoosha mume wangu, ameniagiza niandike. Kila siku, amesema, andika Baba ametembea hatua ngapi, amekula nini, ameshika nini, hata kama ni mstari mmoja. Nikamwambia mimi ni fundi cherehani, kuandika kwangu ni kifua, kiuno na nyonga. Akacheka, akasema basi tumia daftari hilohilo. Kwa hiyo naandika kuanzia nyuma ya daftari la vipimo, na nikifungua vibaya nakutana na bibi harusi wa mwaka juzi ambaye hakurudi kuchukua gauni lake.

Mume wangu alipatwa na kiharusi mwezi wa tano. Upande wa kulia umelala na ulimi umelala nao. Mkono wa kushoto ni mzima. Tumempa kijiko cha chai, anagonga nacho mkono wa kiti: mara moja ni maji, mara mbili ni choo, mara tatu ni njoo. Nimemshonea kimfuko cha kijiko kwenye kila shati, upande wa moyo. Mtu aliyekuwa akizungumza mpaka chai inapoa mkononi sasa ana maneno matatu tu.

Kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye bwawa lake la samaki, uani, ni hatua kumi na nne. Ndiyo safari pekee anayoikubali. Dada akimwambia twende hadi getini, anafumba macho. Lakini asubuhi nikishika kopo la chakula cha samaki, anaanza kujiinua kabla sijamfikia.

Hatua: 14.

Jumanne, 3 Septemba

Hatua: 14. Chai kikombe kizima. Amemlisha Mwenyekiti kwa mkono wake.

Alhamisi, 5 Septemba

Dada amesoma kurasa zangu akauliza Mwenyekiti ni nani. Ni kambale. Mume wangu alichimba bwawa mwaka aliostaafu ufundi bomba, akalisakafia saruji mwenyewe, upana wa vitanda viwili, kina cha kunifika kiunoni. Akatia perege saba na kambale mmoja mwenye ndevu na tumbo, anayekaa pembeni bila kazi yoyote, ndiyo akapewa cheo. Hajaruhusu hata mmoja aliwe. Jirani yetu Mwalimu, mstaafu naye, ana miaka sita anauliza kikaango kitabandikwa lini.

Hatua: 14.

Jumamosi, 7 Septemba

Maji yamepungua vidole vinne. Nilidhani ni jua. Nilipomkalisha kwenye kiti cha ukingoni, mume wangu akagonga mara tatu ingawa nilikuwa nimesimama hapohapo, kisha akanyoosha kijiko kuelekea ukuta wa bwawa. Sikuona kitu. Akazidi kunyoosha. Nikainama, nikauona ufa, mwembamba kama uzi wa kudarizi.

Enzi zake mtaani walimwita Fundi Tone. Alikuwa anaweka sikio ukutani na kukuonyesha mahali bomba linapovuja kabla hujatoboa hata tundu moja. Ametibu mabomba, matangi na mabwawa ya watu miaka arobaini, leo bwawa lake linavuja na hawezi hata kulitukana.

Hatua: 14.

Jumapili, 8 Septemba

Mwalimu ameziba ufa kwa saruji. Alipomaliza akasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikamshukuru. Hatua: 14.

Alhamisi, 12 Septemba

Ufa umefunguka pembeni ya saruji ya Mwalimu. Ameziba tena. Methali ni ileile. Hatua: 14.

Jumatatu, 16 Septemba

Bwawa limebaki tope. Sakafu nzima imepasuka, si ufa mmoja tena, ni mizizi ya ufa. Nimeingia na ndoo nikawatoa samaki mmoja mmoja, nikawatia kwenye pipa la bluu chini ya dirisha la jikoni. Mwenyekiti alinipiga mkia usoni. Mume wangu alikuwa kitini anatazama, na nilipogeuka kumchekesha nikakuta machozi yanamtoka jicho moja, lile la upande ulio hai. Nikamfuta kwa kanga, nikajifanya ni tope.

Hatua: 14 kwenda. Kurudi ilibidi nimuite Mwalimu anisaidie kumbeba.

Alhamisi, 19 Septemba

Hatua: 6. Alisimama katikati ya ua, akatazama shimo, akageuka.

Jumamosi, 21 Septemba

Hatua: 2.

Jumatatu, 23 Septemba

Hatua: 0. Nimeshika kopo la chakula, nimelitikisa mbele yake. Amefumba macho.

Jumanne, 24 Septemba

Dada amempima mguu. Hakunificha. Kasema, "Mama, mguu usiotumika unasahau. Akikaa hivi mpaka mvua ziishe, sitaweza kumsimamisha tena, na hakuna atakayeweza." Nikamuuliza nifanye nini. Akasema mtafutie sababu ya kuinuka. Nikamwambia sababu ilikuwa na maji, na maji yamekwenda.

Nimempigia simu binti yetu. Yeye ni muuguzi, yuko mbali, hapati likizo mpaka mwakani. Kasema pale kazini kwao bustani ina bwawa lililotandikwa turubai la mpira, jeusi, laini, linalokunjika, na halivuji hata tone. Atanitumia. Nikamuuliza linawekwaje. "Mama, ni kutandika tu," akasema. Kama ni kutandika, nikafikiri, hapo umempata mwenyewe.

Hatua: 0.

Ijumaa, 27 Septemba

Perege mmoja hayumo kwenye pipa. Namshuku paka wa Mwalimu. Hatua: 0.

Jumapili, 29 Septemba

Wa pili hayumo. Nimefunika pipa kwa wavu wa pazia. Mwalimu amemtetea paka wake kwa hotuba ndefu. Hatua: 0.

Jumatatu, 30 Septemba

Turubai limefika. Watu wawili walilishusha garini, zito kama maiti. Tumelikunjua uani likafunika mpaka kamba za kuanikia nguo. Nilipolishika moyo wangu ulitulia kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano. Ni nene, lakini linatii. Nimelipitisha kati ya vidole kama ninavyofanya na kila kitambaa, nikajua hili naliweza. Kuna vitu vingi nyumbani humu sivijui. Sijui kwa nini usiku ananitazama hivyo, sijui akilia analilia nini, sijui kama anasikia ninayomwambia. Lakini nguo naijua.

Nimechukua vipimo vya bwawa kwa utepe wangu: urefu, mapana, nikauteremsha utepe ukutani hadi sakafuni na kuupandisha upande wa pili. Nimeandika humu humu, katikati ya sare mbili za shule.

Mume wangu aliomba kuletwa mlangoni. Aligonga mara tatu, akaonyesha mlango kwa kidevu. Hatua: 3.

Jumatano, 2 Oktoba

Mwalimu amevunja kingo zenye ncha kwa nyundo, mimi nimeokota mawe yote shimoni mpaka kokoto za ukubwa wa kifungo. Mume wangu ameangalia siku nzima. Tulipopumzika aligonga, akanyoosha kijiko kwenye kona moja. Tukaenda tukakuta kipande cha chupa. Mwalimu akampigia saluti. Hatua: 5.

Alhamisi, 3 Oktoba

Tumemwaga mchanga na kuupiga kwa ubao. Juu yake nimetandaza mazulia ya zamani, na palipopungua nimemwaga gunia langu la mabaki: vipande vya suti, sare, magauni, bitana. Nusu ya mtaa imo chini ya bwawa hilo. Dada amefurahi sana. Hatua: 7.

Ijumaa, 4 Oktoba

Hatua: 9. Kesho tunatandika. Nimenoa mkasi mkubwa.

Jumamosi, 5 Oktoba

Tumetandika. Mimi nilishika pembe mbili, Mwalimu mbili, tukaliteremsha turubai shimoni taratibu. Likakaa kwa mikunjo kila mahali, na mikunjo mimi siwezi kuivumilia. Miaka yote nimewaambia wanafunzi wangu kwamba mkunjo ni uvivu wa fundi. Nikavua viatu, nikashuka, nikainyoosha kwa viganja kutoka katikati kwenda nje huku Mwalimu akivuta juu, mpaka likakaza, na ukilipiga kofi linaitika.

Mume wangu alikuwa kitini mlangoni pa jikoni. Tangu asubuhi alikuwa ametulia. Nilipopokea mkasi kutoka kwa Mwalimu, akagonga mara moja. Nikapanda, nikampelekea maji, akageuza uso. Nikarudi. Akagonga mara mbili. Nikapanda tena, nikanawa mikono, nikampeleka chooni, tukakaa huko muda, hakuna kitu. Nikamrudisha kitini. Akagonga mara tatu. Nikainama mbele yake, nikamuuliza ni nini. Alinitazama, akautazama mkasi, mdomo ukajaribu na haukutoa kitu.

"Ndiyo, nakata," nikamwambia. "Nimeshapima."

Nilipompa mgongo akaanza kugonga bila hesabu. Si mara moja, si mbili, si tatu; anagonga tu, mfululizo, mbao za kiti zinalia. Mwalimu akacheka, akasema, "Shemeji, leo Fundi ametupigia ngoma." Jua lilikuwa kali. Mgongo ulikuwa unaniuma, na kwa kelele hizo fundi hakati. Nikamwendea. Nikakitoa kijiko mkononi mwake nikakitia mfukoni mwa aproni yangu.

"Nipe dakika kumi tu nifanye kazi," nikasema.

Hakushindana nami. Alikiachia mara nilipokigusa.

Kisha nikakata. Nimeacha pindo la vidole vinne kuzunguka bwawa lote, mkasi haukusita hata mara moja. Ukingo umenyooka utadhani umechorwa. Mwalimu amesema hajawahi kuona shimo lililovaa vizuri kama hili. Kesho ni siku ya maji ya bomba, tutajaza.

Kijiko nimekikuta jioni nilipokuwa nafua aproni. Amekwisha kulala. Hatua: sikuhesabu.

Jumapili, 6 Oktoba

Nataka kuyaandika haya polepole.

Maji yalitoka saa mbili asubuhi. Nilifungua bomba, Mwalimu akaleta kiti, tukakaa ukingoni kama watu walioalikwa. Yalipofika kifundo cha mguu, turubai liliguna. Nikasema linajizoesha. Yalipofika nusu ya muundi, likaanza kuvutika chini kwenye kona, kule nilikokuwa nimelikaza likapita juu juu bila kugusa sakafu. Maji yalikuwa yanalisukuma likae pale linapotaka kukaa, na ili likae lilihitaji nguo zaidi, na nguo yenyewe nilikuwa nimeikata. Lile pindo langu la vidole vinne likawa vitatu. Likawa viwili. Nikapiga magoti nikalishika kwa mikono miwili. Mwalimu akalishika upande wake. Watu wawili wazima tunavuta, na maji hayana habari nasi, yanazidi kuingia. Nikamwambia afunge bomba. Ili afunge ilibidi aachie, na alipoachia, turubai la upande wake lote likateleza likaingia ndani. Maji yakapita nyuma ya turubai, yakabeba mchanga, mazulia, bitana. Kitambaa cha suti ya mtu kikaelea juu.

Niliendelea kushika upande wangu muda mrefu baada ya kuwa hakuna cha kushika.

Nilipogeuka nilimwona mlangoni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya mkono wa kiti, vidole vimejikunja kama vimeshika kitu. Hapo ndipo nilipoelewa. Jana hakuwa anataka maji wala choo. Mtu huyu ametandika matangi na mabwawa ya watu kabla sijajua kwamba turubai la mpira lipo duniani. Alikuwa ananiambia tia maji kwanza, acha uzito ulivute, ndipo ukate. Alitumia maneno yote matatu aliyo nayo, na alipoona hayatoshi akayachanganya yote kwa pamoja. Na mimi nikamnyang'anya.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilikwenda nikapiga magoti na nguo zangu zilizolowa, nikampa kijiko. Hakufungua mkono. Nikakitia kwenye kimfuko cha shati.

Hatua: 0.

Jumatatu, 7 Oktoba

Hatua: 0. Hajagonga.

Jumanne, 8 Oktoba

Hatua: 0. Hajagonga. Nampa maji kwa kukisia.

Jumatano, 9 Oktoba

Amelowa. Kijiko kilikuwa kifuani pake na mimi nilikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Hakugonga. Nimembadilisha nguo, nimemuogesha, wakati wote akitazama dari. Mtu huyu miaka yote kabla ya kiharusi hakukubali nimwone bila shati. Nimemwomba msamaha mara tatu leo na sijui kama umefika.

Hatua: 0.

Alhamisi, 10 Oktoba

Dada amemjaribu mkono. Anashika kidole chake barabara, anaachia, anashika. Mkono ni mzima. "Basi kwa nini hagongi?" nikamuuliza. Akasema labda amechoka, labda ubongo, labda moyo. Labda. Tuna miaka thelathini na minane ya ndoa na siwezi kujua kama mume wangu hawezi au hataki.

Binti yetu amepiga simu, akaniambia Mama usijilaumu, hukujua. Nikamwambia nilijua anagonga. 

Hatua: 0.

Jumamosi, 12 Oktoba

Perege wamebaki wawili. Hatua: 0.

Jumapili, 13 Oktoba

Mwalimu amekuja, akakaa ngazini bila kusema methali. Baadaye akasema, "Mimi ndiye niliyecheka, shemeji. Nimefundisha watoto miaka thelathini, na mtoto akinyoosha mkono namwuliza anataka nini. Fundi kanyoosha mkono, nikamcheka." Sikujua Mwalimu ana maneno ya namna hiyo. Nilikuwa nikimwona mtu wa kuja kunusa kikaango tu.

Nikampa chai. Hatua: 0.

Jumanne, 15 Oktoba

Wingu la kwanza. Halikufanya kitu, lilipita. Dada amesema zimebaki wiki mbili, tatu, kisha ua utakuwa tope na hata akitaka kutembea hatutamruhusu. Nimekaa na turubai langu fupi nikilitazama. Haliungiki, gundi yake haipatikani hapa, na sindano ndiyo kabisa. Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza anajua sindano hutoboa.

Hatua: 0.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimelala na wazo na nimeamka nalo bado lipo. Tangu nijifunze kazi nimekata nguo kufuata mwili. Nguo ikipungua, mwili hatuwezi kuupunguza, tunamwomba radhi mteja. Lakini mteja huyu ni shimo. Shimo linaweza kupunguzwa. Nikiinua sakafu kwa udongo, futi moja na zaidi kidogo, turubai litatosha.

Nimemweleza mume wangu yote, nimemchorea kwenye daftari. Ameutazama mchoro. Hakugonga. Lakini ameutazama.

Hatua: 0.

Alhamisi, 17 Oktoba

Udongo, ndoo thelathini na tano. Mwalimu thelathini, mimi tano. Hatua: 0.

Ijumaa, 18 Oktoba

Udongo. Hatua: 0.

Jumamosi, 19 Oktoba

Udongo. Mwizi wa samaki amepatikana. Nimefunua pipa nikamkuta Mwenyekiti na mkia wa perege unatoka mdomoni, ananitazama bila haya. Paka wa Mwalimu ameteseka bure. Nimekimbia kumweleza mume wangu, nikamwonyesha kwa mdomo wangu jinsi mkia ulivyokuwa unachezacheza, na kona ya mdomo wake, ile inayoweza, ikapanda. Ikashuka. Nimeiona, siongezi.

Hatua: 0.

Jumapili, 20 Oktoba

Leo tumetandika mara ya pili. Nimelimwaga turubai shimoni likajikunja linavyotaka, na mikono nikaifunga nyuma. Mikunjo mirefu, mikunjo mifupi, mingine imelala kama nguo za mlevi. Mwalimu alitaka kunyoosha mmoja nikamkemea. Tumeweka matofali kuzunguka, tukafungua maji. Liliguna tena, likashuka, na safari hii lilikuwa na cha kushuka nacho. Kila mkunjo ulipotea kwa wakati wake. Sikuondoa macho mpaka maji yalipofika nilipoweka alama.

Hayajashuka mpaka ninapoandika. Perege mmoja aliyebaki nimemtenga kwenye beseni. Mwenyekiti ameingia bwawani peke yake, akakaa pembeni.

Kilichobaki nje ni kibaya kukitazama. Upande wa jikoni turubai limezidi shubiri moja, upande wa ukuta limezidi mkono mzima, limejikunjakunja chini ya matofali. Tumembeba mume wangu na kiti chake hadi ukingoni. Nikaushika mkasi mbele yake, nikamwonyesha ukingo.

"Nikate?"

Nilingoja. Mwalimu aliingia ndani akatuacha. Kijiko kilikuwa kwenye kimfuko, hakukigusa. Alitazama maji. Nikasema basi sikati, nikauweka mkasi chini. Tulikaa mpaka kivuli cha ukuta kikatufikia.

Hatua: 0. Tulimbeba kwenda, tukambeba kurudi.

Alhamisi, 24 Oktoba

Tunambeba asubuhi, tunamrudisha. Maji hayajapungua hata kidole. Namuuliza nikate, hajibu. Hatua: 0.

Jumanne, 29 Oktoba

Mvua. Hatukutoka. Hatua: 0.

Jumatano, 30 Oktoba

Mvua. Hatua: 0.

Ijumaa, 1 Novemba

Mvua. Dada amekuja na viatu mkononi. Amemsimamisha kwa kumkumbatia, magoti yakakunjika. Hakusema lolote mbele yake. Jikoni aliniambia tuendelee tu kumnyoosha, Mama. Zamani alikuwa anasema tumtembeze.

Hatua: 0.

Jumatano, 6 Novemba

Upepo umeinua ukingo wa turubai upande wa ukuta, unapigapiga. Mwalimu amesema kwa upole kwamba sasa umelala, unaweza kukatwa, hata mtoto anaona. Nikamwambia namngoja mwenye kazi. Akasema, "Na asipogonga, shemeji?" Nikasema basi litabaki hivyo. Akaenda akaongeza tofali. Hatua: 0.

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua imekatika tangu jana. Nimemweka mlangoni apate hewa. Hatua: 0.

Alhamisi, 14 Novemba

Sijakata kitu chochote tangu siku ile. Wateja wamenivumilia, lakini sare za shule hazingoji msiba wa mtu, na leo nilitandaza kitambaa mezani, chumba cha mbele. Mume wangu alikuwa mlangoni pa jikoni, nyuma ya nyumba, kuta mbili kati yetu. Nikachora chaki. Nikachukua mkasi mkubwa, uleule, nikaanza upande wa bega.

Mkasi ulikuwa umekwenda kama shubiri moja niliposikia kugonga.

Sikuamini, nikasimamisha mkono. Kukanyamaza. Nikakata tena kidogo. Kukaanza tena, mfululizo, bila hesabu, mbao zinalia. Nikatoka mbio na mkasi mkononi, nikapita jikoni, nikamkuta amejipinda kitini, shingo imegeuka kuelekea uani, uso umemuiva, kijiko mkononi. Alidhani niko bwawani. Alikuwa amesikia mkasi wangu kupitia kuta mbili, kama alivyokuwa akisikia tone.

"Sikati," nikamwambia. "Ni sare ya mtoto wa watu. Bwawa sijaligusa, tazama."

Akatazama. Turubai lilikuwa palepale, limejikunja chini ya matofali, baya vilevile, maji yamejaa mpaka alama, Mwenyekiti pembeni. Akarudisha macho kwangu. Nikalia sana, mbele yake, bila kujificha jikoni. Halafu nikauweka mkasi mapajani pake. Akaacha kijiko kikadondoka, akaushika mkasi kwa mkono wake mzima, akaukumbatia kifuani na kufumba macho.

Dada atauliza alijaribu kuinuka? Hakujaribu. Mguu ni uleule, nimeupapasa nilipomlaza mchana, baridi, hauna habari.

Nimempigia simu mama wa yule mtoto, nimemwambia sare itachelewa. Akauliza kuna nini. Nikasema mkasi wangu anao Fundi, na sina haraka ya kuuomba.

Hatua: 0. Amegonga.